Kutia Nanga Kisiwani Ziwa Nyasa na Kushuka Nchi Kavu: Mwongozo Kamili kwa Wenye Boti Ndogo

Kila msimu wa sikukuu napigiwa simu ileile. Upepo unavuma ndani ya simu, na kijana wa Mbeya mjini au Iringa ananiambia: "Kaka, boti imeondoka." Haijaibiwa. Imeondoka yenyewe. Walitia nanga saa tatu asubuhi ziwa likiwa limelala, wakapanda mawe kupiga picha, na walipogeuka boti ilikuwa mita mia mbili ndani ya maji, inakwenda zake polepole kama mtu aliyemaliza kazi.

Nimeacha kuwacheka, maana na mimi yalinikuta. Kosa karibu kila mara ni moja: watu hudhani nanga inashika boti kwa uzito wake. Sivyo. Boti inashikwa na kamba ndefu iliyolala chini, na udongo ambao nanga imejichimbia. Uzito ni wa kuifikisha nanga chini tu. Halafu Ziwa Nyasa lina ujanja wake wa ziada. Limekaa ndani ya Bonde la Ufa, kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 700, na sehemu nyingi ukingo hauteremki taratibu, unadondoka. Hatua ishirini kutoka kwenye jiwe unaweza kuwa juu ya maji ambayo kamba yako haiyawezi.

Mwongozo huu ni wa boti ya mita 5 hadi 8 yenye injini ya nje, watu wanne hadi sita. Unafaa kwa visiwa vidogo vya upande wa Liuli na Mbamba Bay, kama Lundo. Unafaa pia kwa fukwe zilizo chini ya Milima ya Livingstone, kutoka Matema kwenda Ikombe, Lumbila na Lupingu, ambako mlima umeukaba ufuo kiasi kwamba ukifika ni kama umefika kisiwani.

## Vifaa: usitoke bila hivi

Nanga mbili za aina tofauti. Ya kwanza ni ya jembe, yenye mabawa mawili bapa yanayojikunja, kilo 5 hadi 8. Hiyo ni ya mchanga na tope. Ya pili ni ya makucha manne. Mafundi wa kuchomelea huitengeneza kwa nondo, na kwa kazi ya kwenye mawe inatosha kabisa. Mwambie fundi asitumie nondo nene kupita kiasi: makucha yakinasa kwenye mwamba, unataka yaweze kunyooka ukivuta kwa injini.

Jiwe si nanga. Najua wazee wetu walifunga mawe kwenye mitumbwi, na mtumbwi mwepesi kwenye maji matulivu ulikaa. Lakini jiwe la kilo 20 likizama linasukumwa juu na maji, linabaki na uzito wa kama kilo 12 na nusu, na halijichimbii popote. Linaburuzika. Vilevile kipande cha injini ya gari. Ukikodi boti na mwenyewe akakwambia "nanga ipo," mwombe akuoneshe, uishike kwa mkono.

Mnyororo wa mita 3 hadi 5, unene wa milimita 8, kati ya nanga na kamba. Kazi yake ni kuilaza kamba chini ili nanga ivutwe kwa ubavu, isinyanyuliwe. Pia haukatwi na mawe.

Kamba ya nailoni ya mita 60, unene wa milimita 12. Nailoni inazama na inavutika kidogo wimbi likipiga. Ile kamba ya plastiki ya bluu ya dukani ni rahisi, lakini inaelea, na kinachoelea kitaishia kwenye panga boi la injini. Kila mita 5 funga kipande cha kitenge kwenye kamba, ili ujue umetoa kiasi gani bila kukisia.

Kamba ya pili ya mita 40, ya kufungia nchi kavu.

Bildi, yaani kamba nyembamba yenye kitu kizito mwishoni. Yangu ni kichwa cha nyundo kuukuu.

Jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu, si kwa wasiojua kuogelea pekee. Linavaliwa, halikaliwi kama mto.

Makafi mawili, ndoo ya kukumbia maji, plagi ya akiba na spana yake, pini ya panga boi, kisu.

Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Humo weka simu, kiberiti, tochi, dawa na nguo moja kavu. Ikianguka majini inaelea. Nimeona mikoba ya bei mbaya ikivuja huku ndoo ya rangi ikitoka kavu.

Filimbi, maji ya kunywa, na simu ndogo ya batani iliyochajiwa.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya shida. Kurudi ukipambana na wimbi kunakula mafuta kuliko ulivyokwenda, kwa hiyo usipige hesabu ya nusu kwa nusu.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua saa

Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma upepo wa kusini-mashariki, mwera. Ukishaanza unaweza kukaa siku kadhaa. Kwa sisi wa Kyela ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakuja umelisukuma ziwa kwa mamia ya kilomita kabla haujafika Matema. Wimbi la huku ni fupi na limesimama, halikupi nafasi ya kupumua kati ya moja na lingine. Nane Nane, ambayo ndiyo mapumziko ya wengi, imo ndani ya msimu huo.

Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Mvua zikishaanza, tatizo linakuwa ngurumo za mchana zinazoshuka ghafla kutoka mlimani. Machi na Aprili Kyela hunyesha mvua ambayo hata mwenyeji hutulia nyumbani.

Kuhusu saa: alfajiri hewa ya ubaridi hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani. Kuanzia kama saa tano asubuhi upepo hugeuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Jioni unageuka tena. Maana yake, boti uliyoifunga asubuhi ikiwa imeelekea upande mmoja itakuwa imegeuka ukirudi. Panga kufika kisiwani kabla ya saa tatu, na kung'oa nanga kabla ya saa sita mchana.

Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Kisha alfajiri nenda ufukoni ukawaulize wavuvi. Wakiwa wamevuta mitumbwi juu kabisa na wanashona nyavu, umeshajibiwa.

## Hatua ya 2: Mtu wa nchi kavu ajue

Mwachie mtu mmoja anayeaminika mambo manne kwenye karatasi: mnakwenda wapi, mko wangapi, boti ni ya rangi gani, na saa ya mwisho ya kurudi. Mwambie wazi: "Ikifika saa tisa hujatusikia, piga simu." Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi 112. Lakini kwenye ziwa msaada wa kwanza ni wavuvi wa kijiji cha jirani, kwa hiyo awe na namba ya mtu wa pale pia.

Kama boti ni ya kukodi, uliza kama imekaguliwa na ina leseni ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Mwenye boti asiye na cha kuonesha, achana naye hata kama bei ni nzuri.

## Hatua ya 3: Zunguka kisiwa kabla ya kuchagua pa kusimama

Wengi hufika na kukimbilia mchanga wa kwanza wanaouona. Usifanye hivyo. Punguza mwendo, kaa mita 50 kutoka ukingoni, zunguka kisiwa chote. Kwa kisiwa kidogo ni kazi ya robo saa.

Unatafuta upande uliokingwa na upepo utakaokuja mchana, si ule wa asubuhi. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Asubuhi upande wa kusini unaweza kuwa kama kioo, na saa saba wimbi linapasukia mawe hayohayo.

Tazama mawe ya ukingoni. Mstari mweupe uliopanda juu unakuonesha maji hufika wapi. Ziwa halina kujaa na kupwa kwa kila siku kama bahari, lakini hupanda baada ya mvua na kushuka kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo jiwe lililoonekana Novemba linaweza kuwa limefichwa na maji mwezi Mei. Weka mtu mmoja mbele ya boti akitazama chini.

Epuka midomo ya mito na matete. Maji ya pale ni machafu huoni kitu, na ndiko mamba na viboko wanakokaa. Midomo ya Lufilyo na Ruhuhu si mahali pa kushuka kunyoosha miguu.

Epuka pia palipotegwa nyavu. Ukiona maboya, hata kama ni chupa za soda zilizofungwa pamoja, pita kwa mbali.

## Hatua ya 4: Pima kina na uijue chini

Maji ya Nyasa kwenye mawe ni meupe kiasi kwamba unaona samaki mbuna wakizunguka chini. Yanadanganya. Macho yanakuonesha kama robo tatu ya kina cha kweli: jiwe unaloliona liko mita 3 liko mita 4. Tumia bildi.

Zima injini, shusha bildi mpaka ilegee, kisha ipandishe huku ukipima kwa mikono. Pima moja, ncha ya vidole hadi ncha ya vidole mikono ikiwa imenyooshwa, kwa mtu mzima ni kama mita 1.7 hadi 1.8. Pima sehemu tatu: pale unapotaka nanga ilale, pale boti itakaposimama, na kati yake.

Sasa ule ujanja wa kichwa cha nyundo. Kabla hujakishusha, paka grisi ya injini upande wa chini. Kikipanda, kigeuze ukitazame. Grisi ikiwa imeshika chembe za mchanga, umepata mahali pa nanga ya jembe. Ikiwa na tope jeusi, pia panafaa, ila nanga itachelewa kushika. Ikitoka safi ina mkwaruzo tu, chini ni mwamba, chukua ya makucha. Ikitoka na majani ya majini, sogea: nanga itakusanya majani kama reki na itateleza juu yake.

Kipimo cha kuridhika: kina kati ya mita 3 na 8, mchanga, na tofauti ndogo kati ya vipimo vyako vitatu. Kama kipimo cha kwanza ni mita 5 na cha pili, hatua chache tu mbele, ni 20, uko kwenye mteremko. Nenda Hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Tia nanga, usiitupe

Hesabu kwanza. Chukua kina, ongeza urefu wa mbele ya boti kutoka majini, zidisha kwa 5. Upepo ukiwepo, zidisha kwa 7. Maji ya mita 4 na boti iliyonyanyuka mita 1 ni mita 5, kwa hiyo unahitaji kamba ya mita 25, na siku ya upepo 35. Maji ya mita 10 tayari yanakula mita 55. Ndiyo maana nimesema kamba ya mita 60, na ndiyo maana maji yanayozidi mita 10 si ya boti ndogo kutia nanga.

Wale walioondokewa na boti, nikiwauliza walitoa kamba kiasi gani, jibu ni "mpaka ilipogusa chini." Kamba iliyosimama wima inanyanyua nanga kila wimbi likipita. Haina tofauti na kumfunga ng'ombe kwa kigingi kilicholala juu ya udongo.

Kabla ya chochote, hakikisha mwisho wa pili wa kamba umefungwa kwenye boti. Usitabasamu. Nimeona kamba nzima ikifuata nanga majini, mwenyewe akiisindikiza kwa macho.

Kisha:

1. Elekeza mbele ya boti kwenye upepo. Sogea taratibu mpaka upite kidogo mahali ulipopachagua.
2. Simamisha boti. Ikianza kurudi nyuma yenyewe, shusha nanga kwa mkono mpaka iguse chini. Ukiirusha kwa mbwembwe, mnyororo unaiangukia na kuifunga.
3. Acha boti irudi nyuma huku ukitoa kamba kidogo kidogo, ikiwa imenyooka, mpaka kitenge cha mita unayoitaka kifike mkononi.
4. Funga kamba mbele. Kisha tia gia ya nyuma, mwendo wa chini kabisa, kwa nusu dakika. Kamba itanyooka, boti itasimama kama imekamatwa kwenye ukosi.

Waliosoma methali ya tezi na omo shuleni wakumbuke: nanga hufungwa omo, yaani mbele, kamwe si tezi, yaani nyuma. Mimi niliifunga nyuma siku moja karibu na Matema kwa sababu kamba ilikuwa karibu na mkono wangu na ziwa lilikuwa shwari. Nyuma ya boti ni chini na ina uzito wa injini. Wimbi la kwanza liliingia, la pili likaikuta boti imeshazama kidogo, la tatu halikuhitaji kunyanyuka. Tulikumba maji kwa ndoo na sufuria ya ugali, na injini ilikaa kwa fundi wiki mbili. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Kwenye mawe ongeza kitu kimoja. Funga kamba nyembamba kwenye kitako cha nanga, upande wa makucha, na mwisho wake dumu tupu la lita 5 lielee juu. Nanga ikinasa, utaivuta kwa kamba hiyo kutokea nyuma na itatoka. Bila dumu utaiacha hapo, na wengi wameziacha.

## Hatua ya 6: Penye mteremko, funga sehemu mbili

Fukwe nyingi chini ya Livingstone ziko hivi, na visiwa vya mawe pia. Nanga ikivutwa kuelekea kwenye kina, inateleza kwenye mteremko na kuning'inia hewani, au tuseme majini. Ikivutwa kuelekea nchi kavu, yaani kupanda mteremko, inazidi kujichimbia. Tumia hilo.

Shusha nanga upande wa ziwani, mahali ambapo bildi bado inafika. Rudisha boti nyuma taratibu kuelekea ukingoni, ukitoa kamba. Ukifika kama mita 10 kutoka kwenye mawe, zima injini na uinyanyue. Mtu mmoja mwenye jaketi aende nchi kavu na ile kamba ya mita 40, aizungushe kwenye jiwe kubwa lililozama ardhini au mti mzima, ukiwa hai. Mti mkavu haufai. Kamba ikipita juu ya jiwe lenye ncha, tandika gunia au kandambili kuukuu chini yake.

Sasa vuta kamba zote mbili mpaka ziwe zimenyooka bila kukaza sana. Boti itakaa mbele ikitazama ziwa, nyuma ikitazama kisiwa, na haitazunguka upepo ukigeuka.

Onyo: njia hii inategemea nanga peke yake kuizuia boti isigonge mawe. Wimbi likianza kuja moja kwa moja kutoka ziwani, usibishane nalo. Ondoka.

Penye mchanga laini na watu wa kutosha, njia bora kuliko zote ni kuivuta boti juu kabisa kwa magogo ya kuviringisha, kama wavuvi wanavyofanya. Hata hapo ifunge kwenye mti.

## Hatua ya 7: Kaa dakika ishirini kabla hujashuka

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kwa sababu watoto wanataka kuogelea na nyama choma inasubiri.

Kaa ndani ya boti. Chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mfano mti ulio nyuma ya jiwe jeupe. Chagua vingine viwili ubavuni. Kila dakika tano tazama. Mti ukiendelea kukaa nyuma ya jiwe, boti iko palepale. Mti ukianza kutembea kwenda upande mmoja na haurudi, nanga inaburuzika.

Shika pia kamba kwa vidole. Nanga iliyoshika inatoa mvuto mtulivu unaokaza na kulegea. Inayoburuzika inatetemeka na kugonga-gonga, unaisikia mpaka kwenye kiwiko, kama gari bovu kwenye barabara ya matuta.

Ikiburuzika, ongeza kamba mita 10 kwanza. Ikiendelea, ing'oe uanze upya mahali pengine. Usiongeze jiwe juu yake.

## Hatua ya 8: Kushuka

Mtu mmoja anabaki na boti. Siku zote. Awe anaijua injini na awe na ufunguo, si yule mdogo kuliko wote aliyeonewa. Pokezaneni zamu.

Shukeni mkivaa viatu vya kufunga, mawe ya majini yana utelezi. Ndoo ya rangi ishuke kwanza, mtoto baadaye. Asiruke mtu kichwa chini mahali ambapo bildi haikupita.

Kuhusu kichocho: ziwa hili linacho, na hatari ni kubwa zaidi penye maji matulivu yenye majani na karibu na makazi. Ogeleeni upande wenye mawe na maji ya kina, na hata hapo usijione uko salama moja kwa moja. Wiki sita hadi nane baada ya safari nenda kapime. Dawa ipo, praziquantel, lakini meza kwa maelekezo ya mtaalamu wa afya.

## Hatua ya 9: Kutembea kisiwani

Kisiwa kisicho na nyumba si kisiwa kisicho na wenyewe. Mara nyingi kuna kambi ya wavuvi upande wa pili. Nendeni kwanza hapo, kabla ya kupiga picha yoyote. Mkubwa wenu atangulie: "Shikamoo mzee. Tumetokea Mbeya, tunaomba kutembea kidogo, saa sita tunaondoka. Kuna mahali hatutakiwi kufika?" Swali hilo la mwisho ndilo la maana. Kunaweza kuwa na makaburi, au kichaka cha matambiko, na mgeni hawezi kukijua kwa kukitazama. Mkiwa na sukari au majani ya chai ya kuacha, acheni. Upande wa Kyela ukimwambia mtu "ndaga" badala ya asante, uso wake unafunguka.

Msikanyage nyavu wala dagaa walioanikwa. Mbuna waacheni majini.

Njia rahisi ya kutopotea ni kufuata ukingo: mkienda ziwa likiwa mkono wa kulia, kurudi lazima liwe kushoto. Mkipanda kilimani, geukeni kila baada ya dakika chache mtazame boti. Siku mtakapogeuka msiione, mmeshaenda mbali vya kutosha. Wekeni saa ya kugeuka, na ikifika geukeni hata kama kilele kimebaki hatua hamsini.

Vijiti vigongwe chini kwenye majani marefu, nyoka wapo. Moto uwashwe kwenye mchanga au juu ya mawe tu, maana nyasi za kiangazi kwenye kisiwa hazina pa kukukimbizia. Choo ni shimo, mbali na maji. Takataka zirudi na boti.

Kwa yule mliyemwacha kwenye boti, makubaliano ya filimbi: pigo moja refu, "naona mabadiliko, jiandaeni." Mapigo matatu, "rudini sasa hivi." Mistari myeupe ya mapovu ikitokea mbali ziwani, ni mapigo matatu. Hakuna anayeuliza kwa nini.

## Boti ikiondoka licha ya yote

Usiogelee kuifuata. Boti tupu inasukumwa na upepo kuliko mikono yako inavyoweza, na kila ukikaribia inasogea. Watu hufa kwa kufuata boti ambayo kesho yake ingeokotwa ufukoni.

Kaeni pamoja, nendeni sehemu ya juu yenye mtandao, mpigie mtu wa nchi kavu. Washeni moto wa moshi kwenye mchanga kwa kutupia majani mabichi. Jioni wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao. Wamulikieni kwa tochi, mapigo matatu, mtulie, mrudie. Ndoo ya rangi mlishuka nayo, kwa hiyo mna tochi.

## Hatua ya 10: Kung'oa nanga

Washa injini kwanza, iache ingurume dakika mbili. Usifungue kamba hata moja kabla injini haijakubali.

Kama mlifunga nchi kavu, fungua ile ya nchi kavu, mtu apande, ndipo mwende kwenye nanga. Sogeza boti taratibu kuelekea nanga huku mtu wa mbele akikusanya kamba, asije akaiacha ipite chini kuelekea panga boi. Boti ikiwa juu kabisa ya nanga, kamba wima, vuta. Sasa ule wima uliokuwa adui asubuhi unakufanyia kazi.

Ikigoma, funga kamba mbele, subiri wimbi dogo liinyanyue boti. Mara nyingi hiyo inatosha. Isipotosha, vuta kamba ya dumu. Ikigoma bado na upepo umeanza, kata kamba. Nanga ya nondo fundi atakutengenezea nyingine.

Ikifika juu, isuuze tope kabla ya kuiingiza, halafu tazama makucha au mabawa yake. Yakiwa na mchanga mpaka katikati, ilikuwa imezama kweli. Yakiwa yanang'aa ncha tu, ilikuwa imejishikiza, na leo upepo uliwahurumia.

Kamba ianikwe kivulini mkifika nyumbani, ikunjwe ikiwa kavu, vitenge vyote vikiwa mahali pake. Kile cha mita 25 huwa ndicho cha kwanza kulegea.